Watatu Nyumba Moja, Bili Moja, na Barua Ambayo Mmoja Hakutaka Ionekane

Ukikaa na watu nyumba moja utagombana tu, hilo halina ubishi. Mtagombania sufuria iliyoungua ikaachwa kwenye sinki, mtagombania nani kamaliza sabuni, mtagombania mayai yaliyoandikwa jina na bado yakaliwa. Hizo ni kelele za kila siku, kesho yake asubuhi watu wanacheka. Lakini kuna ugomvi unaoingia ndani kwa bahasha, wenye nembo ya serikali na tarehe ya mwisho. Huo ndio unaovunja watu.

Hii ni habari ya Waswahili watatu waliokuwa wanaishi nyumba moja katika mji mmoja wa katikati ya Uingereza. Majina yao hayatatajwa na mji hautatajwa, maana wote wapo na bado wanapeana salamu.

Wa kwanza ni dada wa Moshi, miaka 31, mkubwa kuliko wote, na wenzake walimwita Dada tu. Alikwenda Uingereza kusoma masta ya mwaka mmoja, kamwacha mtoto wa miaka sita kwa bibi yake kule Moshi. Wa pili ni binti wa Tanga, miaka 21, anasoma digrii ya kwanza, ada inalipwa na baba yake na wajomba wawili wanaochangishana. Wa tatu ni kijana wa Mombasa, miaka 23, lakini Mombasa yake ni ya likizo. Mama yake alimpeleka Uingereza akiwa mdogo wa darasa la pili, ana pasipoti ya huko, ila Kiswahili chake ni kile cha mama jikoni, kitamu kweli.

Septemba 2022 walipanga nyumba ya vyumba vitatu. Mkataba ulikuwa mmoja wenye majina matatu, kodi ya nyumba paundi 900 kwa mwezi, kila mtu 300. Makubaliano yao hayakuandikwa popote. Siku ya kwanza, wamekaa kwenye kapeti kwa sababu hata kochi lilikuwa halijaja, Dada alisema neno moja: "Humu ndani kila kinachokuja tunagawana tatu." Wote wakaitikia. Gesi tatu, umeme tatu, intaneti tatu. Siku hiyohiyo dipoziti ya binti wa Tanga ilikuwa haijafika kutoka nyumbani, Dada akamtangulizia 300 yake. Akarudishiwa baada ya wiki tatu, hakudai hata asante.

Mwaka wa kwanza ulikwenda vizuri. Tatizo lilikuja wa pili.

Hapa inabidi kwanza ieleweke kodi yenyewe, maana wengi wa Bongo hatuna kitu kama hicho. Uingereza kuna kodi inayolipwa kwa halmashauri ya mji, Waswahili wa kule wanaiita kodi ya kaunsili. Ndiyo inayolipia kuzoa taka, taa za barabarani, huduma za wazee na mengine mengi. Ilianza Aprili 1993, ikachukua nafasi ya kodi ya kichwa ambayo wananchi waliikataa mpaka London pakawaka moto mwaka 1990. Wakati ule wa kodi ya kichwa hata mwanafunzi alilipa, ila asilimia 20 tu. Hii ya sasa inaangalia nyumba. England nyumba zimepangwa makundi nane, kuanzia A mpaka H, kwa bei ambayo nyumba ingeuzwa tarehe 1 Aprili 1991. Ndiyo, 1991, kipindi ambacho huku kwetu Mzee Mwinyi bado yupo Ikulu.

Huku kwetu kodi ya majengo tangu 2021 inakatwa ukinunua umeme wa LUKU. Mpangaji ndiye anayenunua umeme, kwa hiyo mpangaji ndiye anayeonja, ingawa jengo si lake. Na wote mnajua nyumba yenye mita moja na wapangaji sita inavyokuwa ikifika zamu ya kununua. Sasa chukua mzozo ule, uupe barua, uupe mahakama, halafu badala ya shilingi 1,500 kwa mwezi uweke zaidi ya paundi 100.

Sasa mwanafunzi yeye ana nafasi yake. Kama nyumba nzima ni wanafunzi wa muda wote, nyumba inasamehewa, hawalipi hata senti. Bili kamili inahesabu kwamba ndani kuna watu wazima wawili au zaidi. Mwanafunzi wa muda wote hahesabiwi, anakuwa kama hayupo. Kwa hiyo nyumba ikiwa na mfanyakazi mmoja na wanafunzi kumi, kwa macho ya kaunsili humo anaishi mtu mmoja, na huyo mmoja anapata punguzo la asilimia 25. Zinazobaki 75 ni zake peke yake. Wakiwa wafanyakazi wawili, punguzo hakuna.

Mwaka wa kwanza wote watatu walikuwa wanafunzi. Walipeleka barua za chuo, nyumba ikasamehewa, wakasahau kabisa kama kuna kitu kinaitwa kodi ya kaunsili.

Septemba 2023 masta ya Dada iliisha. Akabadilisha viza, akapata kazi ya kulea wazee, shifti za usiku, saa kumi na mbili kwa mpigo. Joho alikuwa avae Januari, kwa hiyo kichwani mwake yeye bado ni mwanafunzi mpaka siku ya joho. Kumbe kaunsili haiangalii joho. Uanafunzi unaisha siku kozi inapoisha. Kuanzia tarehe 1 Oktoba, Dada alikuwa anahesabiwa.

Barua zilikuja. Kule barua zinatumbukizwa kwenye tundu la mlango zinaangukia kapeti. Bahasha za kahawia zilizoandikwa "kwa mkazi wa nyumba hii" zilikuwa zinaokotwa zinawekwa juu ya hita, pamoja na matangazo ya piza. Kaunsili ilikuwa inauliza: nani bado anasoma humo ndani, leteni barua mpya za chuo. Hakuna aliyefungua, kila mtu aliamini ni ya mwenzake.

Mwanzoni mwa Februari 2024 ikaja bahasha yenye majina matatu. Hiyo ikafunguliwa.

Nyumba yao ni kundi A, la chini kabisa, na kwa mwaka mzima bili ilikuwa 1,480. Wao walidaiwa nusu mwaka, kuanzia Oktoba mpaka mwisho wa Machi: paundi 740. Ilipwe yote tarehe 1 Machi. Hakuna msamaha, hakuna punguzo, kwa sababu hakuna aliyethibitisha chochote. Majina yote matatu yamo, na maana yake ni kwamba kaunsili ina haki ya kumdai yeyote kati yao deni lote zima.

Dada alikuwa ametoka shifti, macho mekundu. Akapiga picha ile bili, akaitupia kwenye grupu lao la Whatsapp, chini akaandika: "Tugawane tatu. 247 kila mtu. Mwisho wa mwezi."

Kijana wa Mombasa alijibu wa kwanza, na kwa nguvu. "Dadangu, wanafunzi hawalipi. Hiyo ni yako wewe, si yetu." Akaweka na kiemoji cha mikono.

Binti wa Tanga hakujibu. Alikuwa amekaa kitandani anatetemeka, maana kwa mtu wa viza barua yoyote ya serikali ni kama hati ya kurudishwa nyumbani. Akawaza wajomba. Akawaza baba yake akipigiwa simu.

Kesho yake kila mmoja akaenda kutafuta ushauri kwa watu wake, na hapo ndipo mambo yakazidi kuharibika, kwa sababu kila mtu alirudi na sheria tofauti. Dada aliambiwa na mwenzake wa kazini kwamba kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Mwenzake hakudanganya. Yeye anaishi nyumba ambayo kila mpangaji ana mkataba wa chumba chake, na nyumba za namna hiyo kweli mwenye nyumba ndiye anayedaiwa na kaunsili. Lakini hawa watatu walisaini mkataba mmoja wa nyumba nzima. Mkataba wa nyumba nzima, kodi ni ya wapangaji. Dada akampigia mwenye nyumba kwa ukali, akaaibishwa kwa upole.

Binti wa Tanga alikwenda ofisi ya ushauri ya wanafunzi pale chuoni. Mama mmoja akamkalisha, akamweleza polepole. Tangu 2004 sheria inasema mwanafunzi wa muda wote akiishi na mtu asiye mwanafunzi kwenye mkataba mmoja, mwanafunzi hadaiwi. Sio kwamba anadaiwa kidogo, hadaiwi kabisa. Peleka barua ya chuo, jina lako litatoka. Binti akaomba barua siku hiyohiyo, akaituma kaunsili, na ndani ya wiki mbili ikaja bili mpya. Jina lake halipo.

Akashuka jikoni na furaha yake, akamwonyesha Dada. Hakuna kosa kubwa kuliko hilo.

"Umejitoa?" Dada akauliza.

"Sijajitoa dada, sheria ndiyo inasema mimi sihusiki."

"Sheria ni ya kwao hiyo. Humu ndani tulikubaliana nini?"

"Tulikubaliana bili za nyumba. Hii ni bili ya mtu."

"Taka nani anatoa? Mimi peke yangu? Hizo taa za barabarani unazotembelea usiku ukitoka maktaba, ni zangu mimi?"

Binti akanyamaza. Halafu Dada akasema lile neno ambalo watu wakishafikia hapo hawarudi kirahisi. "Ulipofika hapa huna hata senti, dipoziti yako alilipa nani? Nilikuambia sihusiki?"

Sasa hapo, msomaji, jiulize nani ana haki.

Ukimsikiliza binti, ana haki. Hata Dada angekaa nyumba hiyo peke yake bila mtu, angelipa robo tatu hiyohiyo, kwa sababu mwanafunzi hahesabiwi. Kukaa kwa binti mle ndani hakumwongezei Dada hata paundi moja. Na angeondoka Dada akaja mwanafunzi mwingine, nyumba ingekuwa bure kabisa.

Ukimsikiliza Dada naye ana haki yake. Yeye hakuwa anasoma sheria, alikuwa anasoma watu. Watu waliokaa kwenye kapeti wakasema tatu ni tatu. Kwetu ukigawana chakula hupimi nani ana njaa zaidi. Mwenye kazi anambeba asiye na kazi, na siku mwenye kazi akilemewa, wengine wanatia bega. Yeye alishatia bega. Alipogeuka, akakuta watu wana karatasi ya mwanasheria.

Lakini kuna kitu kimoja wote wawili hawakukiona, na binti ndiye aliyekigundua usiku ule akisoma tena ile bili mpya. Bado ilikuwa 740. Jina lake limetoka, lakini hesabu haijashuka hata senti. Ingekuwa Dada anahesabiwa peke yake, ingetakiwa iwe 555. Akaandika kwenye grupu: "Dada, punguzo halijaingia kwa sababu kaka hajatuma barua yake ya chuo. Akituma tu, inashuka 185."

Yaani kitu Dada alichokuwa anahitaji kutoka kwa yule kijana haikuwa hela. Ilikuwa karatasi moja ambayo chuo kinakupa bure, kwa dakika tano, kwenye simu.

Kijana akajibu: "Leo usiku natuma inshallah."

Hakutuma. Kesho yake akasema tovuti ya chuo ina shida. Wiki iliyofuata akasema amesahau neno la siri. Yule aliyepiga kelele kuliko wote kwamba wanafunzi hawalipi, sasa alikuwa anapita jikoni kwa kunyata. Akisikia Dada yupo chini, haji hata kunywa maji. Dada akaamini kwamba ni dharau. Akamwambia binti, "Huyu anafurahia mimi niumie." Binti naye hakuwa na la kumtetea, kwa sababu yeye mwenyewe bado alikuwa amenuniwa.

Tarehe 1 Machi ikapita. Dada hakulipa. Alikuwa na hela, nusu yake. Lakini hela hiyo ilikuwa ada ya mtoto Moshi, na pia alikuwa ameshikilia msimamo: silipi peke yangu 740 wakati ni 555, na mtu anayenizuia analala ghorofani.

Mfungo wa Ramadhani ukaingia. Katikati ya mwezi huo ikaja barua ya ukumbusho. Siku 7 kulipa, la sivyo wito wa mahakama, na gharama za mahakama zinapandishwa juu ya deni. Baada ya hapo madalali wa mahakama wanaweza kutumwa mlangoni, au mshahara unakatwa moja kwa moja kwa mwajiri. Dada aliisoma akiwa amesimama na koti lake la kazi. Kwenye barua majina yalikuwa mawili: lake na la kijana.

Na wiki hiyohiyo, kama vile mzaha, ikaja bili ya mwaka mpya kuanzia Aprili. Imepanda, 1,554.

Siku ya tano kati ya zile saba, binti wa Tanga alipika futari. Viazi vya nazi, mbaazi, tambi, uji wa pilipili manga. Mwaka wa kwanza walikuwa wanafuturu pamoja kila siku, na Dada ingawa ni Mkristo alikuwa anakaa nao na kuchelewa kula makusudi ili wasile peke yao. Mwaka huu kila mtu alikuwa anabeba sahani anapanda nayo. Siku hiyo binti akapanga sahani tatu mezani, akagonga milango miwili, akasema tu: "Njooni mle. Sitaki kusikia kodi."

Wakakaa. Hakuna aliyezungumza kodi. Walikula kimya, na ukimya huo ulikuwa mzito kuliko kelele. Kijana alikunywa uji, akaweka kikombe, akaanza kulia.

Alilia kweli, kijana wa miaka 23 mwenye ndevu. Halafu akasema.

Mwaka uliopita alifeli. Masomo mawili ya uhandisi yalimshinda, na chuo kikamrudisha ayarudie hayo mawili tu. Kwa hiyo mwaka huu hakuwa mwanafunzi wa muda wote. Amesajiliwa wa muda mfupi, siku mbili kwa wiki, na kwa kaunsili ili uhesabike mwanafunzi kozi yako lazima iwe na wastani wa saa 21 kwa wiki, wiki 24 za mwaka. Yeye hazifiki hata nusu. Alijua. Alisoma ile sheria siku ileile ya kwanza, baada ya kuandika lile jibu lake la nguvu. Akiomba barua ya chuo, barua itaandika wazi kwamba yeye si wa muda wote. Na mama yake, anayefanya usafi hospitalini miji miwili kutoka pale, alikuwa ameshanunua nguo ya sherehe ya mahafali ya Julai iliyopita. Alimwambia sherehe imeahirishwa. Mwaka mzima anamwambia imeahirishwa.

"Haikuwa hela, dadangu," akasema. "Nilijua nikikupa ile karatasi, mnaiona."

Dada hakusema kitu kwa muda. Kisha akauliza swali moja la hesabu, kama mtu anayeshika ukuta gizani: "Kwa hiyo punguzo halipo?"

Halipo. Walikuwa watu wazima wawili wanaohesabiwa tangu tarehe 1 Oktoba. Bili ya 740 ilikuwa sahihi tangu mwanzo, ila kwa sababu ambayo hakuna aliyeijua isipokuwa mmoja. Na ilikuwa yao wawili, Dada na kijana, 370 kila mtu. Binti wa Tanga ndiye pekee ambaye alikuwa hadaiwi, na ndiye aliyekuwa amenuniwa mwezi mzima.

Dada akamgeukia. Akasema, "Mdogo wangu, nisamehe." Binti akaondoa sahani mezani haraka haraka ili asilie.

Asubuhi yake Dada hakulala baada ya shifti. Alipiga simu kaunsili, akasubiri dakika arobaini anasikiliza muziki wa simu, akaeleza kila kitu bila kuficha. Huko nyuma alikuwa anaogopa simu hiyo kuliko mahakama. Mtu wa upande wa pili akampangia miezi minne, 185 kwa mwezi, bila kwenda kortini. Nusu Dada, nusu kijana. Kijana akaanza kupeleka chakula kwa baiskeli wikiendi, kwenye mvua, na kila Jumatatu anamtumia Dada chake bila kukumbushwa. Ya mwaka mpya wakagawana hivyohivyo.

Binti hakulipa kodi, na safari hii Dada alikataa hata aliposema atachangia. Kwa hiyo binti akasema intaneti ataibeba yeye mpaka mkataba uishe. Hakuna sheria iliyomlazimisha, na hakuna aliyemwomba.

Na mama wa Mombasa? Kijana alimpigia usiku uleule wa futari. Alijiandaa kwa matusi. Mama alinyamaza kwenye simu, akauliza masomo yamebaki mangapi. Akajibiwa mawili. Akasema, "Basi yamalize." Akakata simu.

Juni aliyamaliza. Mkataba ulipoisha kila mtu akaenda zake. Binti alihamia nyumba ya mkataba wa chumba, ambapo kaunsili inamdai mwenye nyumba. Dada anaishi na mfanyakazi mwenzake, na safari hii kabla ya kusaini waliandika karatasi: nani anahesabiwa, nani hahesabiwi, na siku hali ya mtu ikibadilika anasema ndani ya siku ngapi.

Kuna mengi ya kujifunza humo kwa yeyote mwenye ndugu anayejiandaa kwenda kusoma huko. Barua ikija, ifungue hata kama haina jina lako. Kozi ikiisha, waambie kaunsili siku hiyo, usingoje joho. Ukidaiwa na unaona sio sahihi, andika barua ya kupinga kwa kaunsili wenyewe. Wakikataa, au miezi miwili ikipita kimya, kuna baraza la rufaa, na kufungua shauri pale hakulipiwi. Na kama uko huko kwa viza, msamaha na punguzo la mwanafunzi sio msaada wa serikali, kwa hiyo usiogope kuuomba. Kinachokatazwa kwenye viza za namna hiyo ni ule unafuu mwingine wa kodi wanaopewa watu wenye kipato kidogo.

Lakini la msingi sio hilo la sheria. Sheria ilimwambia kaunsili amdai nani. Haikuwaambia hawa watatu waishi vipi. Dada alidai hela ambayo haikuwa ya binti, kwa sababu aliamini ahadi ya kwenye kapeti. Binti alishika haki yake akasahau kumshika mkono Dada kwanza. Na kijana angeweza kumaliza vita vyote siku ya kwanza kwa kusema neno moja, "nimefeli", lakini neno hilo lilimshinda kulitamka kuliko kubeba deni.

Paundi 740 zilishalipwa. Ule mwezi wa kubeba sahani kupanda nazo ghorofani ndio hauna wa kuulipa.

Swali la leo kwa wadau: ungekuwa wewe ni yule binti wa Tanga, una karatasi mkononi inayosema hudaiwi, na anayekudai ndiye aliyekulipia dipoziti siku huna kitu, ungefanyaje? Tiririka hapo chini.